Moto wa Ramisi ulizimika, neno "stima" likabaki

Mjomba wangu alikuwa mchochezi. Sisemi hivyo kwa kumvunjia marehemu heshima, kwani ndivyo alivyojitambulisha mwenyewe kila alipokuja Jego kututembelea siku ya Ijumaa. Baada ya sala ya adhuhuri aliketi barazani, akavinyosha viganja vyake vilivyokuwa vigumu kama magome ya mwembe, akatuambia sisi wapwa wake: "Wengine huchochea fitina, mimi nachochea moto." Kazi yake ilikuwa katika jumba la tanuri la kiwanda cha sukari cha Ramisi. Alisukuma makapi ya miwa motoni ili maji yachemke, mvuke upande, vinu vizunguke na taa ziwake. Wenzake kazini walimwita fayamani. Sisi tuliosoma kwa mwanga wa koroboi tulimwita Mjomba Stima, kwa kuwa ndiye mtu pekee katika ukoo wetu aliyeishi mahali ambapo usiku ulikuwa na mwanga usiotiwa mafuta ya taa.

Kiwanda kilifungwa mwaka wa 1988, nami nilikuwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi. Mjomba alirejea nyumbani na sanduku la bati, shuka mbili, na spana kubwa aliyopewa na fundi mmoja mzee aliyemfunza kazi. Spana hiyo aliitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo wa kusi. Alipofariki, mmoja wetu aliiuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, pamoja na sufuria zilizotoboka na reki iliyokatika meno. Iliwekwa kwenye mizani, ikalipwa kwa kilo.

Sina haki ya kumlaumu aliyeiuza. Njaa haisubiri historia. Lakini miaka yote hii nimejiuliza swali ambalo leo ningependa kuliweka mbele ya walimu na wanafunzi wasomao ukurasa huu. Jamii inayojua kuitunza misitu ya kaya, misikiti ya kale na makaburi ya masharifu, mbona haioni thamani ya majumba na mitambo iliyowalisha wazazi wake kwa zaidi ya nusu karne?

Nianze na uwanja ninaoufahamu, yaani lugha. Mkenya akisema "stima imepotea", hakuna asiyemwelewa. Lakini ni wangapi wanaokumbuka kwamba neno hilo halikuzaliwa likiwa na maana ya umeme? Stima ni neno la Kiingereza lililotoholewa, nalo kwanza lilitaja chombo kiendacho kwa nguvu za mvuke. Mabaharia wa pwani walilitumia kwa meli zilizotoa moshi, wakizitofautisha na majahazi yaliyotegemea tanga. Baadaye, mvuke ule ule ulipofungiwa katika majumba ya mitambo ukaanza kuzalisha nguvu za taa, neno lilihama pamoja nao kutoka baharini hadi nchi kavu. Mvuke ulipoacha kutumika mahali pengi, neno halikutupwa. Tulilipa kazi mpya, likaendelea kuishi.

Si neno hilo peke yake. Meli lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la barua za posta, kwa kuwa vyombo vile ndivyo vilivyoleta barua. Leo meli hubeba mafuta, magari na makasha ya bidhaa bila hata bahasha moja, na hakuna anayedai neno libadilishwe. Mtambo nalo lilikuwa jina la kitu kifyatukacho katika mtego wa ndege au wanyama kabla ya kuwa jina la mashine. Kinu kilitwanga nafaka jikoni kabla ya kukamua miwa ya mashamba makubwa. Lugha ni mhifadhi mwenye busara. Haigandishi vitu katika hali vilivyozaliwa nayo, wala haivifuti kwa kuwa vimezeeka. Huvihifadhi kwa kuvitumia. Hoja yangu yote katika makala haya ni hiyo moja: tulilolifanyia neno stima, tulifanyie pia jumba la stima.

Historia ya umeme katika pwani yetu ni ya kale kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya umeme ya Kenya, inapoeleza chimbuko lake, huanzia Unguja mwaka wa 1875, wakati Seyyid Barghash alipojipatia jenereta ya kuangazia kasri lake na barabara zilizokuwa karibu. Mwaka wa 1908, mfanyabiashara wa Mombasa aitwaye Harrali Esmailjee Jeevanjee aliinunua jenereta hiyo, na hapo ndipo ilipoundwa kampuni ya kuusambazia umeme mji wa kisiwani. Mwaka wa 1922 kampuni hiyo iliunganishwa na ile ya Nairobi kuwa kampuni moja ya Afrika Mashariki, na mwaka wa 1983 ikapewa jina la Kenya. Tazama basi, msomaji: mtambo uliotumikia kasri ya Sultani ulivuka bahari ukawa msingi wa huduma ya mji mzima. Huko nako ni kukipa kitu cha zamani kazi mpya, tena kulifanywa na mfanyabiashara aliyejali faida yake, si na mtu wa makavazi. Ni wanafunzi wangapi wa Kwale na Mombasa wanaofundishwa habari hii?

Ramisi inaingia katika historia hiyo kwa mlango wa sukari. Baada ya kiwanda cha Miwani, kilichoanzishwa karibu na Kisumu mwaka wa 1922, cha pili katika nchi hii kilikuwa cha Ramisi, mwaka wa 1927. Viwanda vya Muhoroni, Chemelil na Mumias vilikuja baada ya uhuru. Kiwanda cha sukari kina sifa ambayo walimu wa sayansi wataipenda, nayo ni kwamba hula mabaki yake mwenyewe. Muwa ukishakamuliwa, makapi yake hukaushwa na kuchomwa chini ya boila. Mvuke unaopatikana huendesha vinu vinavyoukamua muwa unaofuata, na unaosalia huzungusha jenereta. Yale ambayo leo yanaitwa kwa fahari nishati mbadala, mjomba wangu aliyafanya kwa sepetu, akiwa amejifunga kitambaa kichwani. Kampuni mpya ilipokuja kuufufua ukulima wa miwa katika eneo hilo, na kiwanda chake kuanza kusaga katikati ya miaka ya 2010, kilijengwa pamoja na mtambo wa megawati 18 wa kuzalisha umeme kwa makapi hayo hayo. Kilichosifiwa kuwa kipya kilikuwa na babu yake pale pale Ramisi, ila babu huyo hakuwa ameandikiwa wasifu.

Wenzetu wa nchi nyingine wamefanyaje? Mjini Roma kuna kituo cha umeme kiitwacho Centrale Montemartini, kilichofunguliwa mwaka wa 1912 na kufungwa mwaka wa 1963. Mwaka wa 1997 sanamu za kale za Kirumi zilipelekwa humo, zikasimamishwa kando ya injini za dizeli na boila, nazo injini hazikuondolewa. Mjini London, kituo cha Bankside kilizimwa mwaka wa 1981, na mwaka wa 2000 kikafunguliwa kuwa jumba la sanaa la Tate Modern. Ukumbi mkubwa uliokuwa na mitambo ndio leo unaowapokea wageni.

Pengine utasema kwamba hao ni matajiri. Haya, tuje Afrika. Mjini Johannesburg, jumba la mitambo la Jeppe Street, lililoanza kazi mwaka wa 1927, lilikaa gofu kwa miaka mingi kabla ya kukarabatiwa na kugeuzwa ofisi. Kule Soweto, kituo cha Orlando kilifungwa mwaka wa 1998. Minara yake miwili ya kupoza maji ilichorwa picha za maisha ya wakazi, ikawa alama ya mji inayojulikana duniani, na watu hulipa fedha waruke kutoka juu yake wakiwa wamefungwa kamba. Cape Town iliamua vingine. Minara miwili ya kituo cha Athlone, iliyokuwa ikionekana kutoka mbali na kila aingiaye mjini, ililipuliwa tarehe 22 Agosti 2010, ikaporomoka kwa muda wa sekunde chache tu.

Nisije nikaeleweka vibaya kwamba kulipa jengo kazi mpya ni kinga tosha. Unguja ina onyo lake. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka wa 1883 na ambalo watu walilistaajabia kwa taa zake za umeme, lilitumika kama kasri, likawa ofisi za serikali, kisha makumbusho. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu yake kubwa ilianguka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wakati mwingine utachimba na kaburi. Uhifadhi ni fundi anayepanda ngazi kila mwaka kutazama paa. Bango na hotuba ya ufunguzi havizuii mvua.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana mwalimu mwema hujibu swali gumu kabla halijaulizwa. Kuna watakaosema: "Sisi wa Kwale tunataka kazi, maji na stima yenyewe. Magofu ya stima yatatufaa nini?" Wengine watasema kwa uchungu zaidi: "Kiwanda hicho unachokililia kilikuwa mahali pa nyapara na kipande, pa posho ndogo na jasho jingi. Nani anayetaka kukumbuka?" Na wa tatu watakumbusha kwamba ardhi ya Ramisi imezusha mizozo mirefu baina ya wakazi na wawekezaji, kwa hiyo neno "hifadhi" linaweza kuwa kisingizio kingine cha kuwanyima watu mashamba.

Pingamizi hizi zina uzito, nami sizikatai. Kwa la tatu nasema kwamba jumba la mitambo halihitaji maelfu ya ekari, na uhifadhi wowote usiotanguliwa na haki ya ardhi utakuwa dhuluma iliyopakwa chokaa. Kwa la pili nasema kwamba kuhifadhi si kusifu. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kwa ajili ya vita na kututawala, na baadaye ikatumiwa na Waingereza kuwa gereza. Leo watoto wetu huingia humo na daftari, wakajifunza yaliyotendwa. Mahali pa mateso pakifutwa, anayefaidika ni aliyetesa, kwa maana hapabaki shahidi.

Na kuhusu la kwanza, hebu tuwatazame Wamakonde wa Kwale. Wazee wao walitoka Msumbiji wakati wa ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani hii, Ramisi ikiwa mojawapo. Watoto na wajukuu walizaliwa hapa, wakaoa na kuolewa hapa, wakachonga vinyago vilivyopamba hoteli za Diani, lakini kwa miongo mingi hawakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote. Mwezi wa Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai uraia, na mwaka wa 2017 wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Fikiri, ewe mwanafunzi, mtu anapoulizwa na afisa: "Baba yako aliingia lini nchini? Alifanya kazi wapi? Nani shahidi?" Daftari la mishahara la kiwanda, orodha ya waliopewa nyumba kambini, kadi ya kipande yenye jina na tarehe, vitu hivyo ni shahidi asiyesahau na asiyehongeka. Kiwanda kinapofungwa na makaratasi yake kuachiwa mchwa, kinachopotea ni zaidi ya historia ya sukari. Hupotea pia ushahidi wa haki za watu walio hai. Hilo ndilo jibu langu kwa anayeuliza magofu yatatufaa nini.

Tena jambo hili halihusu yaliyopita peke yake. Mwezi wa Desemba 2024, mgodi wa titani wa Kwale, uliosafirisha shehena yake ya kwanza kupitia Likoni mwaka wa 2014, ulikoma kuchimba kwa kuwa mchanga wenye madini ulikuwa umekwisha. Kwa takriban miaka kumi uliwapa vijana wetu ujuzi wa mitambo, umeme na maabara. Mgodi ukakoma, na ndani ya kaunti moja tunakutana kwa mara ya pili na swali la mwaka wa 1988: yaliyojengwa yatakuwa nini? Kule Kipevu, Mombasa, mitambo ya dizeli iliyojengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 nayo inazeeka. Mkataba wa mmoja wao, wa megawati 74, ulimalizika mwaka wa 2021. Nchi inahamia kwenye maji, upepo, jua, na mvuke wa ardhini wa Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi mwaka wa 1981. Mtaalamu wa lugha hana budi kutabasamu hapo, kwa sababu baada ya safari ndefu neno stima limerudi kwenye mvuke lilikotoka.

Kama hatutasema neno mapema, soko la vyuma chakavu litatuamulia. Nchi hii imeonja nguvu ya soko hilo. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuangushwa na giza kutanda nchini, serikali ilipiga marufuku biashara hiyo kwa miezi kadhaa. Ikiwa minara iliyo kazini, yenye moto wa umeme juu yake, haikusalimika, mitambo iliyolala itasalimikaje?

Ninapendekeza mambo manne, na yote yanawezekana bila kusubiri mfadhili kutoka ng'ambo.

La kwanza, Kaunti ya Kwale ishirikiane na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya kuorodhesha majengo na mitambo yote ya kale ya viwanda kutoka Likoni hadi Vanga. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inaruhusu mahali penye umuhimu wa kihistoria patangazwe kuwa turathi hata kama si pa kale sana. Si lazima kitu kiwe na umri wa magofu ya Vumba Kuu ndipo kiheshimiwe.

La pili, kila kiwanda au kituo cha umeme kinachofungwa kilazimishwe kukabidhi nyaraka zake kwa hifadhi ya taifa kabla ya lango kufungwa. Mishahara, ramani, picha, daftari za ajali, zote zitolewe. Wenye siri za biashara wawekewe muda wa kungoja, lakini makaratasi yasichomwe.

La tatu, majengo yaliyo imara yapewe vyuo vya ufundi. Jumba la mitambo lina paa refu, sakafu iwezayo kubeba uzito mkubwa, na winchi ya kuinulia vyuma. Ni karakana iliyokwisha kujengwa. Kabla ya kumwingiza mwanafunzi, lakini, wataalamu wapime sumu: mafuta ya transfoma za zamani, asbesto iliyofunika mabomba, na kutu iliyokula nguzo. Asiyepima haya asijiite mhifadhi. Na humo ndani mashine moja iachwe mahali pake, ili kijana anayejifunza kuunga nyaya aione kazi ya waliomtangulia.

La nne ni lenu, walimu na wanafunzi, nalo halina gharama isipokuwa daftari na kalamu. Mtaala wa Umilisi unawataka wanafunzi wajifunze kwa kuitumikia jamii. Basi wapelekeni kwa wazee. Katika vijiji vya Msambweni, Ramisi, Majoreni, Lunga Lunga na Jego wako watu waliofanya kazi viwandani na mashambani, na umri hauwangoji. Waulizwe majina ya mitambo, vyeo vya wafanyakazi, nyimbo za zamu ya usiku, matusi ya nyapara na majibu waliyoyameza. Maneno kama fayamani, boila, kipande na posho yana sura nzima za historia ndani yake, na mengine ya Kidigo, Kivumba na Kimakonde hayamo katika kamusi yoyote. Mwanafunzi akiandika maneno ishirini na maana zake, akataja aliyeyasema, mahali na tarehe, amefanya utafiti halisi. Mimi huwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu kazi hiyo hiyo, na nakiri kwamba wa shule za upili, kwa kuwa wanaaminiwa zaidi na bibi na babu zao, mara nyingi huifanya vizuri zaidi.

Mwaka jana nilipita nyumbani kwa marehemu mjomba. Mlango wake sasa huzuiwa na jiwe la matumbawe. Mpwa wangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, aliniuliza kwa nini babu yule aliitwa Stima. Tuliketi barazani, nikamweleza habari za makapi, moto, maji na mvuke, naye akaandika. Aliponiuliza mtambo wenyewe ulifananaje, nilitafuta chuma cha kumwonyesha, walau ile spana, nikakumbuka kwamba ilikwisha kwenda na mizani. Nikamchorea kwa kijiti mchangani.